Mwaliko wa Chuma

Kitenzi kualika kina maana mbili katika Kiswahili, na kwa kawaida hazikutani. Mtu huwaalika jamaa zake harusini. Na vidole hualika vikivutwa. Ya kwanza ni maana ya ukarimu, ya pili ni ya mlio tu. Lakini pako mahali ambapo maana hizo mbili hukaa katika kiti kimoja, napo ni katika viwanja vya starehe vya Marekani na Ulaya, ndani ya chombo kiitwacho rola kosta. Mpandaji huketi, komeo la chuma likashushwa juu ya mapaja yake au mabega yake, na komeo likialika, basi naye amealikwa. Lisipoalika, huombwa ainuke. Hutoka kitini mbele ya macho ya watu, akapita mlango wa pembeni, na treni ikaondoka bila yeye.

Wanaokutwa na jambo hili si wachache, na wengi wao ni watu wenye miili mikubwa. Huenda mtu akasema kwamba hili ni suala la mchezo, halistahili wino. Mchezo ni mchezo, ni kweli. Lakini aibu si mchezo, na mauti si mchezo, na yote mawili yamo katika kiti hicho. Kwa hiyo yafaa kuulizwa: mtu aliyekataliwa na komeo kwa ukubwa wa mwili wake, je, amedhulumiwa? Na ikiwa amedhulumiwa, aliyemdhulumu ni nani: chuma, au aliyekipima chuma, au waliosimama wakitazama?

Kabla ya jibu, hapana budi chombo chenyewe kijulikane. Rola kosta ni msururu wa vigari vya wazi upitao juu ya reli zilizojengwa kwa mfano wa milima na mabonde. Katika zilizo nyingi, mnyororo huuvuta msururu hadi kilele cha kwanza, kisha huuachia. Tangu hapo hakuna injini, treni hukimbizwa na uzito wake wenyewe. Asili yake ni vilima vya barafu ambavyo watu wa Urusi walikuwa wakiteleza juu yake katika karne ya 18. Ndiyo maana hata leo Wafaransa na Wahispania huiita milima ya Kirusi. Nao Warusi, kwa kichekesho cha historia, huiita milima ya Kimarekani. Mwaka 1884 Mmarekani LaMarcus Thompson alifungua reli yake ya starehe katika ufuko wa Coney Island, ambao leo ni sehemu ya jiji la New York. Nauli ilikuwa senti 5, na mwendo wake kiasi cha kilomita 10 kwa saa, mwendo wa mtu akimbiaye polepole. Abiria waliketi juu ya benchi wakitazama pembeni, kama watu waliokaa barazani. Benchi lile halikumwuliza mtu ukubwa wake.

Kasi ndiyo iliyolileta komeo. Mwaka 1927, katika ufuko huo huo wa Coney Island, ilifunguliwa rola kosta ya mbao iitwayo Cyclone, ambayo ingali inapandwa hadi leo. Mwaka 1975 huko California wapandaji wakaanza kugeuzwa kichwa chini miguu juu juu ya reli za chuma. Mwaka 2010 Abu Dhabi, mji ambao watu wengi wa mwambao wana jamaa zao, ikafunguliwa Formula Rossa, yenye kwenda kilomita 240 kwa saa. Katika mwendo kama huo benchi la barazani halitoshi.

Sababu yake inaeleweka bila hesabu nyingi. Treni ikipita juu ya kilima kwa kasi, reli huinama kwenda chini, lakini mwili wa mpandaji bado unataka kuendelea kule ulikokuwa ukienda, yaani juu. Kwa nukta chache mtu huinuka kitini, tumbo likapanda, roho ikashuka, akaelea. Utamu wa rola kosta uko hapo, na hatari yake iko hapo hapo. Komeo ndilo linalomwacha mtu aonje kuruka pasi na kuruka. Viwango vinavyofuatwa Marekani katika ubunifu wa vyombo hivi huyapanga makomeo katika madaraja matano, kufuatana na nguvu ambazo mwili utakutana nazo. Pale chombo kinapotikisa kidogo, huenda hata pasihitajike komeo. Pale kinapogeuza watu, hutakiwa komeo la daraja la juu, lenye kujifunga na kujithibitisha.

Sasa, komeo la mapajani linataka nini katika mwili wa mtu? Linataka mfupa. Linatakiwa likae chini ya tumbo, juu ya mapaja, karibu na nyonga, mahali ambapo mwili hauwezi kupenya chini yake. Likisimamishwa na tumbo, huwa limefungwa kwa macho tu. Tumbo ni laini. Treni ikiinuka hubonyea, na nafasi ikapatikana pale ambapo mhudumu alidhani hapana nafasi. Komeo la mabegani nalo lina masharti yake, kwani hupima kifua. Kwa hiyo anayekataliwa si mnene peke yake. Mwanamichezo mwenye kifua kipana asiye na mafuta hata kidogo huweza kukataliwa. Mwanamke mwenye maziwa makubwa huweza kukataliwa. Mtu mrefu mno ambaye magoti yake hayapati pa kukaa, naye hukataliwa. Chuma hakina chuki na unene. Kina umbo lake tu, nalo halibadiliki kwa kubembelezwa.

Kuna jambo jingine, nalo lagusa haki ya jirani. Katika treni nyingi za zamani, watu wawili walioketi pamoja walishirikiana komeo moja. Komeo la namna hiyo husimama linapogusana na mwenye mwili mkubwa kuliko mwenziwe. Baba akiketi na mtoto wake, komeo hulala juu ya mapaja ya baba, na baina ya komeo na mapaja ya mtoto likabaki pengo. Baba yuko salama, mtoto yumo hatarini, na hakuna aliyekusudia ubaya. Wabunifu wa baadaye wakampa kila mtu komeo lake. Funzo la mabadiliko hayo ni kwamba kipimo cha mtu mmoja hakiwezi kuwa amana ya usalama wa mtu mwingine, na kwamba usawa wa kuwafunga wote kwa chuma kimoja si usawa.

Kwa hoja hizi mtu huweza kukata shauri upesi na kusema: basi hapana dhuluma. Komeo limesema kweli, na kweli haimdhulumu mtu. Hoja hii ina nguvu, lakini imelijibu swali nusu. Ili nusu ya pili ionekane, inatosha kumtazama mwingine anayekataliwa mahali hapo hapo. Langoni mwa kila rola kosta husimamishwa kijiti cha kupimia kimo. Mtoto asiyefika alama hurudishwa. Hulia pengine, mama yake humbembeleza, mhudumu humwambia kwamba mwakani atakuwa amekua, na watu waliomo katika foleni hutabasamu kwa huruma. Sababu ni ile ile: mwili haukulingana na chuma. Hukumu ni ile ile: hutapanda. Lakini mtoto haoni aibu, wala hakuna anayemwonea aibu.

Basi aibu ya mtu mnene haikutoka katika chuma. Ingalitoka katika chuma, na mtoto angaliipata sehemu yake. Imetoka kwa watu, nayo imetoka katika dhana moja: kwamba mtoto hana kosa katika ufupi wake, ilhali mnene ana kosa katika unene wake. Komeo lisipoalika juu ya mapaja ya mtu mzima, watazamaji husikia kana kwamba hukumu imesomwa. Huyu alikula, huyu hakujizuia, huyu amejitakia. Mhudumu kijana, ambaye hana nia mbaya, huegemea komeo kwa uzito wake wote na kumwambia mpandaji avute pumzi, huku treni nzima ikingoja, na ile nusu dakika ikawa ndefu kuliko safari yenyewe.

Dhana hiyo haisimami. Mwili wa mtu ni mkusanyiko wa mambo mengi: urithi wa wazazi, maradhi, dawa, uzazi, kazi ya kukaa au ya kusimama, chakula kilichopo na bei yake, huzuni na namna mtu anavyoipoza. Katika mambo hayo, mengine yako mikononi mwa mtu na mengine hayako, na hakuna aliyesimama katika foleni awezaye kuyatenganisha kwa kumtazama mwenziwe kiunoni. Hata lau ingethibitika kwamba unene wa mtu fulani ni matokeo ya ulafi tu, bado haingefuata kwamba foleni ya starehe ndiyo mahakama yake. Watu wa mwambao wanalijua hili kwa njia yao. Siku hazijawa nyingi ambapo kumwambia mtu kwamba amenenepa kulikuwa ni kumpongeza. Maana yake amenawiri, riziki imemkalia, roho yake imetulia. Leo neno hilo hilo huweza kuleta ugomvi. Kipimo cha uzito ni kile kile. Kilichobadilika ni hukumu ya watu. Jambo linalobadilika hivyo katika kizazi kimoja haliwezi kuwa ni sheria ya maumbile.

Hapa ndipo wapo wanaokwenda upande wa pili, na kosa lao ni kubwa zaidi kwa sababu limevaa nguo ya wema. Husema: kama kukataliwa kunaumiza, basi watu wasikataliwe. Komeo na lisukumwe hata lialike, mkanda na ulegezwe, mgeni na aachwe afurahi kwa fedha yake aliyoilipa. Moyo unaosema hivyo ni mwema. Lakini yametokea mambo matatu ambayo moyo huo hauna budi kuyasikia.

Mwaka 2004, katika kiwanja cha starehe kimoja huko Massachusetts, mtu mzima mwenye tumbo kubwa alipanda rola kosta ndefu ya chuma. Komeo halikukaa mahali pake kwa sababu ya ukubwa wa tumbo, na wahudumu hawakulihakikisha. Karibu na mwisho wa safari alitupwa nje akafa. Mwaka 2011, katika jimbo la New York, alipanda mwanajeshi aliyepoteza miguu yake yote miwili vitani Iraki. Kanuni za chombo kile zilitaka mpandaji awe na miguu miwili, maana komeo lake lilitegemea mapaja. Hakuzuiwa. Naye alitupwa nje akafa, mbele ya jamaa zake. Na tarehe 24 Machi 2022, mjini Orlando, kijana wa miaka 14 alipanda mnara wa kuporomoka wenye kimo cha zaidi ya mita 130. Uzito wake ulipita kiasi kilichowekwa na watengenezaji. Kwa maelezo ya baba yake, vyombo vingine vilikuwa vimemkataa siku ile kwa ajili ya ukubwa wake, hiki kikamkubali. Uchunguzi ulionyesha kwamba kihisi cha kiti chake kilikuwa kimerekebishwa kwa mkono, hata mtambo ukapokea kwamba komeo limefungwa ilhali pengo lilikuwa kubwa kuliko kawaida. Kiti hakikuwa na mkanda. Kiti kiliposimama kwa ghafula, kijana aliponyoka.

Kisa hiki cha mwisho kinafaa kusomwa polepole. Mlango mmoja ulifungwa, na wa pili ulifungwa, na kijana akavunjika moyo kama kijana yeyote. Mlango wa tatu ukafunguliwa, akafurahi. Katika milango mitatu ile, ule uliompenda ni upi? Waliomwambia hapana walimhuzunisha kwa siku moja. Waliomwambia ndiyo hawakumwambia ndiyo kwa sababu walikuwa wamemtengenezea kiti kinachomfaa. Walikuwa wamekifundisha chuma kusema uongo. Kile kiti kilimwalika bila kuwa na mahali pa kumweka. Mwaka 2023 Florida ilipitisha sheria yenye jina la kijana huyo ya kukaza usimamizi wa vyombo hivi, na mnara ule ukabomolewa. Sheria ikija baada ya maiti huwa ni toba ya dola; haimrudishi mtu.

Basi yamepatikana makosa mawili yanayotazamana. La kwanza ni kumkatalia mtu na kumwaibisha. La pili ni kumkubalia mtu na kumhatarisha. Wanaobishana juu ya suala hili mara nyingi hushika upande mmoja na kumtupia mwenzao lawama ya upande wa pili, kana kwamba hapana njia ya katikati isipokuwa nusu ya aibu na nusu ya hatari. Lakini makosa yote mawili yana mzizi mmoja: yote mawili humkuta mtu akiwa amekwisha kufika kitini. Huko ni kuchelewa. Swali la haki lilikwisha kupita zamani, siku mbunifu alipokaa mezani na kalamu yake akauliza, kiti hiki ni cha nani?

Jibu la desturi ni kwamba kiti ni cha mtu wa wastani. Mtu huyu ana nasaba yake. Mbelgiji Adolphe Quetelet, aliyekuwa mtaalamu wa nyota na hesabu, alimtangaza katika kitabu chake cha mwaka 1835: alikusanya vipimo vya watu wengi, akatafuta kati yake, na akaona kwamba katika kati hiyo iko sura ya binadamu. Tangu hapo mtu wa wastani akawa mteja wa kila fundi. Wakamshonea nguo na kumkatia viti. Na Jeshi la Anga la Marekani likamtengenezea chumba cha rubani.

Ni katika jeshi hilo ndipo mtu wa wastani alipotafutwa, asionekane. Gilbert Daniels, mtaalamu kijana, alichukua vipimo vya marubani 4,063 na kuchagua viungo 10: kimo, kifua, mkono, paja na vinginevyo. Akauliza ni marubani wangapi walio karibu na wastani katika vipimo vyote 10. Jibu alilolitoa katika ripoti yake ya mwaka 1952 ni kwamba hakuna hata mmoja. Huyu alikuwa na mikono mirefu na miguu mifupi. Yule kifua kipana na kiuno chembamba. Kiti kilichokatwa kwa ajili ya mtu wa wastani kilikuwa kimekatwa kwa ajili ya mtu asiyekuwepo. Na walioshindwa kukaa ndani yake walikuwa wanajeshi waliochujwa, vijana wenye siha. Jeshi halikuwaambia marubani wake wajipunguze mikono. Liliwaagiza mafundi watengeneze viti vya kusogezwa mbele na nyuma, na mikanda ya kurefushwa na kufupishwa. Mafundi walisema ni ghali, kisha wakaweza.

Wapenzi wa mashairi watalitambua tatizo hili, kwani wao hulikuta kila siku katika mizani. Mshororo wa shairi una mizani 16, wa utenzi una mizani 8. Linakuja neno zuri, neno la kweli, ambalo bila yake maana haikamiliki, nalo limezidi kwa silabi moja. Malenga hufanya nini? Sanaa imempa ruhusa zake. Iko inkisari, ambayo kwayo hulifupisha neno. Yako mazida, ambayo kwayo hulirefusha. Neno halilalamiki. Lakini hata inkisari ina mpaka wake: neno likikatwa mno hupoteza maana, na mshororo ukabaki na hesabu sahihi na ubeti usiosema kitu. Malenga mwenye akili akifika hapo haliui neno. Hubadili mpangilio wa mshororo, au huhama bahari. Wala haandiki mizani 17 akazisoma haraka haraka kana kwamba ni 16, kwa sababu anajua sikio la msikilizaji litamfichua. Shairi lake litakuwa guni.

Njia zote tatu zimo katika kiwanja cha starehe. Kumwambia mtu avute pumzi na kumgandamiza kwa komeo ni inkisari iliyofanywa juu ya mwili wa mtu, na mwili si neno. Kukirekebisha kihisi kwa mkono ni kusoma 17 kana kwamba ni 16. Njia ya tatu, ya kuhama bahari, ni ya kukibadili kiti. Nayo inawezekana, kwa kuwa imefanyika. Katika treni kadhaa za kampuni ya Uswisi Bolliger & Mabillard, vimewekwa viti vichache katika safu maalumu vyenye mikanda miwili badala ya mmoja, ili komeo lialike kwa kweli juu ya kifua kipana. Mwaka 2010, kilipofunguliwa huko Orlando chombo cha hadithi za Harry Potter, watu wengi wenye miili mikubwa walikataliwa baada ya kungoja kwa muda mrefu. Mwaka huo huo baadhi ya viti vya pembeni vikafanyiwa marekebisho vikaweza kuwapokea wengi zaidi. Na mwaka 2013, baada ya mwanamke mmoja kuanguka na kufa katika rola kosta ya Texas mwezi wa Julai, chombo kile kilifunguliwa tena mwezi wa Septemba kikiwa kimeongezwa mikanda, na langoni pake kikawekwa kiti cha kujaribia.

Kiti hicho cha kujaribia ni kitu kidogo chenye maana kubwa. Mtu hukaa, hushusha komeo, hujua. Kama hakimfai, hujua kabla ya saa mbili za foleni, kabla ya watoto wake kumshangilia, kabla ya treni nzima kumngojea. Hapana ni ile ile, lakini imesemwa mapema. Hata hivyo viko viti vya majaribio vilivyowekwa mahali pa wazi, mbele ya njia kuu, hata kukijaribu tu ni kujitangaza. Hivyo wengi hupita wakijifanya hawakuviona, kisha wakaenda kuadhirika juu. Kiti hicho kikiwekwa nyuma ya ukuta mfupi, gharama yake ni ya ukuta mfupi. Kutofautisha aibu na siri wakati mwingine ni kazi ya mwashi wa siku moja.

Sheria nayo imeanza kuingia. Jimbo la Michigan lilikwisha kukataza ubaguzi wa uzito na kimo tangu mwaka 1976. Jiji la New York, ambalo ndani yake imo Coney Island lilikoanzia benchi la Thompson, lilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 2023, ikihusu ajira, makazi na mahali pa huduma za umma, pamoja na vighairi vyake. Hakuna sheria iwezayo kuliamuru komeo lialike juu ya mwili ambao haliwezi kuushika. Ikiamuru hivyo, itakuwa imeamuru watu waanguke. Lakini sheria yaweza kumwuliza mwenye kiwanja swali ambalo mpandaji mmoja mwenye haya hawezi kuliuliza: ulifanya nini kabla ya kusema hapana?

Swali hilo ndilo mizani ya jambo lote. Mwenye chombo aliyetafuta kiti kipana, akaweka mkanda wa pili pale ulipowezekana, akaandika vipimo wazi mahali pa kununulia tikiti, akaweka kiti cha kujaribia penye stara, akamfundisha mhudumu wake kusema kwa sauti ya chini, kisha bado mtu fulani hakuenea, huyo hakumdhulumu mtu. Amemwambia kweli, na kweli hiyo ni sehemu ya ulinzi wake. Lakini aliyekata kiti kwa kipimo cha mtu asiyekuwepo, akauza tikiti kwa kila aliyekuja, akaliachia komeo lifanye kazi ya kufukuza wageni mbele ya watu, huyo hawezi kusema kwamba chuma ndicho kilichokataa. Chuma kilifanya kile kilichotumwa.

Na aliyekataliwa, yeye ana deni gani? Hana. Haimpasi kuomba radhi kwa waliongoja, wala kucheka ili wengine waone wepesi wa kumcheka, wala kuwaeleza sababu za mwili wake. Akitaka kupungua, atapungua kwa sababu zake na kwa wakati wake. Yampasa jambo moja tu, ambalo ni gumu lakini ni haki ya nafsi yake: asilazimishe. Asimwombe mhudumu asukume zaidi, asikubali mkanda uliolegezwa kwa upendeleo, asiinunue furaha ya dakika mbili kwa komeo lililoshikwa na tumbo. Kukataa ndiyo ya uongo ni namna ya kujithamini ambayo watu hawaipigii makofi.

Waliobaki ni watazamaji, nao ndio wengi. Hao hawana kiti cha kutengeneza wala kihisi cha kulinda. Kazi yao ni nyepesi kuliko zote, na ndiyo isiyofanywa: mtu akiinuliwa kitini, wamtazame kama walivyomtazama yule mtoto wa kijiti cha kimo, au wasimtazame kabisa. Komeo hualika kwa mlio wake, nalo halina moyo wa kumwalika mtu wala wa kumfukuza. Kualika kwa maana ile ya kwanza, ya harusini na barazani, ni kazi ya watu, na hakuna fundi awezaye kuwafanyia.